Rimoti Ni Yetu, Lakini Tangazo Nalo Lina Mwenyewe



Karibuni tulivuka bahari kutoka Pemba kwenda Tanga, kwenye harusi ya binti yetu mmoja wa Ngamiani. Mwali alikuwa ndani siku ya nne, singo limeshamkolea, hina bado kupakwa. Baada ya Isha chumba kilijaa mashangazi, mawifi, somo wa mwali na watoto waliogoma kulala. Televisheni ilikuwa inaonyesha tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, na kila mmoja wetu alikuwa na lake la kusema juu ya mama mkwe wa kwenye tamthilia.

Yakaingia matangazo. La kwanza lilikuwa la kubeti, kijana anarukaruka eti ameshinda mamilioni. Shangazi akanyakua rimoti akazima sauti. Likafuata la krimu ya kung'arisha ngozi, mbele ya mwali ambaye somo wake kwa siku nne amekuwa akimwambia kwamba rangi aliyojaaliwa na Mola wake ndiyo pambo lake la kwanza. Shangazi hakuvumilia, akahamisha chaneli kabisa. Hapo ikatoka sauti pembeni:

"Shangazi, usihamishe jamani! Langu linakuja!"

Mwenye sauti alikuwa mpambaji wa harusi ile ile. Kazi yake ni kupaka hina na piko, kupamba maharusi na kukodisha magauni. Alikuwa amechanga pesa na wenzake wawili, mmoja ana ukumbi na mwingine anakodisha magari ya harusi, wakalipia tangazo fupi la pamoja. Tuliporudi kwenye chaneli, tamthilia ilikuwa imeshaanza tena. Tangazo lake limepita na hakuna aliyeliona. Akacheka, lakini alisema neno tuliloondoka nalo hadi nyumbani: "Basi mmekula hela yangu nyinyi."

Je, kweli tulikula hela yake? Au tulikuwa na haki ya kuziba masikio ya mwali na watoto wasione wala wasisikie yale? Sisi tunadhani majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, na ndiyo maana tumeona tuandike.

Nani analipia tunachotazama?

Tuanze na jambo ambalo wengi wetu hatujalifikiria. Kipindi hakiji bure. Kuna anayelipa waigizaji, wapiga picha, umeme na mitambo. Kule kwetu Zanzibar televisheni ilianza mapema miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati Tanzania Bara ilisubiri mpaka 1994. Televisheni ile ilikuwa ya serikali, na serikali ndiyo iliyolipa. Vituo vya watu binafsi vilipokuja Bara vilihitaji njia nyingine ya kuishi, nayo ilikuwa tangazo. Mwenye sabuni au mchele analipa kituo, kituo kinatupa kipindi bila kutudai kitu, na sisi tunalipa kwa kukaa na kutazama.

Baadaye akaingia mtu wa tatu, mwenye king'amuzi. Yeye anabeba chaneli za wenziwe pamoja na zake, anatuletea nyumbani, na kila mwezi tunamlipa kifurushi. Kwa hiyo chungu ni kimoja lakini mikono ni mingi: kituo, mwenye tangazo, mwenye king'amuzi, na sisi tuliokaa kwenye mkeka. Ugomvi unaanza pale mmoja anapopunguza sehemu ya mwenzake bila kumuuliza.

Mashine iliyoruka matangazo yenyewe

Ugomvi mkubwa wa aina hii ulitokea Marekani. Kule kuna kampuni ya televisheni ya kulipia kwa setilaiti iitwayo Dish. Mwaka 2012 ilileta king'amuzi chenye kinasa ndani yake, kikaitwa Hopper. Mteja akitaka, mashine ilirekodi vipindi vyote vya jioni vya vituo vinne vikubwa, ABC, CBS, Fox na NBC, na kuvihifadhi kwa siku kadhaa. Mwezi Mei mwaka huo Dish ikaongeza kitu kingine, AutoHop. Ukikitazama kipindi siku ya pili yake, unachagua mara moja tu kwamba hutaki matangazo, kisha unaweka rimoti chini. Matangazo yakifika, mashine inayaruka yenyewe mpaka kipindi kinapoendelea.

Usifikiri mashine ilikuwa na akili ya ajabu. Dish iliajiri watu wa kutazama vipindi na kuweka alama pale tangazo linapoanzia na linapoishia. Kwa hiyo nyuma ya ule wepesi kulikuwa na kampuni iliyokaa ikapanga.

Vituo vilikimbilia mahakamani mwezi ule ule. Hoja yao ilikuwa rahisi: matangazo ndiyo yanayolipia vipindi, anayeyafuta anabomoa nyumba. Dish ikajibu kwamba watu wamekuwa wakiyaruka matangazo tangu zamani kwa rimoti, yeye amewarahisishia tu. Ilikuwa na pa kushika, maana mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwamba mtu kurekodi kipindi nyumbani ili akitazame baadaye si kosa.

Hasira zilifika mbali. Januari 2013 waandishi wa mtandao wa CNET walitaka kuipa mashine hiyo tuzo kwenye maonyesho makubwa ya vifaa vya umeme huko Las Vegas. CNET wakati huo ilikuwa mali ya CBS, na CBS ilikuwa kwenye kesi na Dish. Wakakatazwa, na mwandishi mmoja akajiuzulu kazi kwa sababu hiyo.

Julai 2013 mahakama ya rufaa ikakataa kuizuia mashine. Sababu zake mbili zinafaa kukumbukwa. Kwanza, anayerekodi ni mteja aliyebonyeza kitufe, si kampuni. Pili, kuruka tangazo hakugusi hakimiliki ya kituo cha Fox, kwa sababu Fox ilikuwa na haki ya vipindi, na matangazo yale hayakuwa yake. Hata hivyo Dish haikutoka safi kabisa. Mwaka 2015 jaji alikuta kwamba nakala ilizojitengenezea yenyewe ili kukagua ubora wa kazi yake zilivunja mkataba wake na Fox.

Lakini mwisho wa kesi haukuamuliwa na jaji. Waliketi chini wakapatana. Machi 2014 Dish ilikubaliana na Disney, wenye ABC, kwamba mashine isiruke matangazo mpaka siku tatu zipite tangu kipindi kirushwe. Desemba mwaka huo ikapatana na CBS kwa siku saba, na Februari 2016 na Fox, pia siku saba. Kwa nini siku? Kwa sababu wenye matangazo wa kule wanalipa kwa kuhesabu watazamaji wa siku chache za mwanzo. Baada ya hapo tangazo limeshafanya kazi yake, na kuliruka hakumuumizi mtu sana.

Miaka minne ya mawakili, na mwisho wake ni maneno ambayo wanawake wawili wenye busara wangeyamaliza barazani kwa kahawa: niache nile kwanza, kisha wewe fagia.

Kwetu ugomvi umekuja kwa mlango mwingine

Huku pwani hatukugombea mashine ya kuruka matangazo. Tumegombea chaneli zenyewe, lakini swali ni lile lile: kutazama kwetu ni mali ya nani?

Tanga ilikuwa miongoni mwa miji ya mwanzo kuzimiwa mitambo ya zamani ya analojia. Dar es Salaam ilizimwa usiku wa kuamkia mwaka 2013, na Tanga pamoja na Dodoma zikafuata mwisho wa Januari. Nyumba iliyokuwa na antena juu ya paa tu ililala na televisheni, ikaamka na skrini nyeusi. Ilibidi kununua king'amuzi. Wenye vituo walilalamika kwamba watazamaji wamepungua ghafla, na watazamaji wakipungua, matangazo nayo yanapungua. Waliumia wao na tuliumia sisi.

Mwaka 2018 likaja la pili. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilisema kampuni za televisheni ya kulipia kama Azam, DStv na Zuku hazina leseni ya kubeba chaneli za bure za hapa nchini. Chaneli hizo zilitakiwa zionekane bila malipo kwenye ving'amuzi vilivyopewa kazi hiyo, na haikuwa sawa mwananchi atozwe kifurushi ili aone kitu ambacho ni cha bure. Mwezi Agosti chaneli za nyumbani zikaanza kutoweka kwenye ving'amuzi vya kulipia.

Hoja ya TCRA ilikuwa na maana. Lakini mwanamke aliyekwisha kununua king'amuzi kimoja kwa kujinyima, aliambiwa anunue cha pili ili aone taarifa ya habari ya nchi yake. Na kituo ambacho tangazo lake lilikuwa likionekana nyumba nyingi, sasa kinaonekana nyumba chache. Baadaye chaneli zilirudi, lakini hakuna aliyeturudishia miezi ile.

Ndugu zetu wa ng'ambo ya Horohoro, huko Kwale na Mombasa, waliyaona makubwa zaidi. Kampuni tatu zenye vituo vikubwa vya Kenya, yaani Royal Media, Nation na Standard, zilikwenda mahakamani kuhusu kuhamia dijitali. Miongoni mwa malalamiko yao ni kwamba ving'amuzi vya kulipia, StarTimes na GOtv, vinabeba chaneli zao bila ridhaa yao. Shauri lilifika hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa uamuzi Septemba 2014. Februari 2015 mitambo yao ya analojia ilizimwa, na Citizen, NTV na KTN zikatoweka hewani kwa karibu wiki tatu. Wakubwa waligombana, na mama aliyekuwa akisubiri habari za saa moja ndiye aliyekaa gizani.

Mfano wa ukumbi na taarab

Tulipokuwa tukiyajadili haya na mpambaji wetu, somo wa mwali alitoa mfano uliotuweka sawa.

Chukulia kikundi cha taarab kinakuja kuimba harusini bila kumdai mwenye shughuli chochote. Kinaishi kwa kutunzwa. Anayeguswa na wimbo anainuka, anacheza mpaka mbele, anatunza. Asiyeguswa anakaa kwenye kiti chake anakunywa soda, wala hakumdhulumu mtu.

Sasa mwenye ukumbi aweke kiingilio mlangoni. Watu walipe kwake ili waje kusikiliza waimbaji wale. Kisha asimame awaambie wageni: "Kaeni raha mustarehe, hapa kwangu hakuna usumbufu wa kutunza." Na kweli aweke kamba asipite mtu mbele. Wageni watafurahi na mwenye ukumbi atajaza watu. Lakini waimbaji wataondoka mikono mitupu, na harusi ya pili hawaji.

Msimamo wetu wote umo humo. Mgeni anayekaa kitini ni mimi na wewe na shangazi mwenye rimoti. Mwenye ukumbi anayeweka kamba ni kampuni inayouza kuruka matangazo ya chaneli isiyo yake. Hao wawili hawafanani hata kidogo.

Tunasema nini basi?

Kwanza, ndani ya nyumba rimoti ni yetu. Mama akizima sauti, akahamisha chaneli au akaenda kutazama chungu jikoni wakati wa matangazo, hana deni kwa mtu. Tumeamrishwa kuyalinda macho yetu na ya watoto wetu, na jukumu hilo haliwezi kukabidhiwa kituo cha televisheni. Hata majaji wa Marekani waliuona mkono wa mwenye nyumba kuwa mkono huru.

Pili, kampuni inayouza kuruka matangazo ipatane kwanza na mwenye chaneli. Aya ya kwanza ya Surat al-Maida inatuamrisha kutimiza mikataba, na hilo halikuwekewa ndoa na mikopo peke yake. Kuruka kwenyewe si dhambi. Kwenye YouTube tunabonyeza kitufe cha kuruka baada ya sekunde tano, na anayelipa kila mwezi haoni kabisa matangazo yanayowekwa na YouTube. Lakini pale mwenye jukwaa ndiye aliyetoa kitufe, na malipo ya wenye video amekwisha kuyapanga. Tofauti ni ridhaa. Dish ilitoa kitufe cha kufunga duka la jirani.

Tatu, wenye vituo nao wajitazame. Watu hawakuichukia biashara, walichoshwa. Matangazo yanapanda sauti kuliko kipindi, yanarudiwa mara tatu katika mapumziko yale yale, na mengine hayana staha hata ya kutazama ukiwa na baba mkwe. Kamari baada ya mawaidha ya Ramadhani! Kituo kinachotaka tusiguse rimoti kituwekee matangazo ambayo shangazi anaweza kuyatazama na mwali wake. Krimu inayomwambia binti kwamba hafai mpaka abadilike rangi haistahili sekunde thelathini za nyumba yoyote.

Nne, wagombane bila kutuzimia. Tukilipa kifurushi cha mwezi kwa ajili ya chaneli fulani, ikaondolewa siku ya kumi, siku ishirini zilizobaki ni za nani? Tupewe taarifa mapema, na tupunguziwe au turudishiwe. Muuza samaki wa Deep Sea akikupunguzia mizani unamwambia pale pale. Surat al-Mutaffifin haikuwataja wenye mizani ya mkono pekee, wenye mizani ya setilaiti nao wamo.

Kuna dada atauliza: mimi nimeshalipa, kwa nini nikae na matangazo tena? Swali ni la haki, na hata sisi linatuuma. Jibu ni kwamba pesa uliyolipa imeingia kwa mwenye king'amuzi, na kiasi gani kinafika kwa aliyetengeneza kipindi, wewe na mimi hatuambiwi. Basi tuulize hilo. Kama kituo kinapata fungu lake kutoka kwenye kifurushi, kipunguze matangazo. Kama hakipati, tusishangae kikiyajaza.

Kwa mabibi harusi watarajiwa

Haya yanawahusu nyinyi kuliko mnavyodhani. Wengi wenu mtajifungulia biashara ndogo baada ya ndoa, wengine mmeshaanza: udi, mashela, keki, ubani, hina, vikoi. Siku moja mtalipia tangazo. Mtajua uchungu wa kutoa akiba na kusubiri sekunde zenu ishirini, halafu watu wote wameinuka kwenda kunywa maji. Mpambaji wetu ametufundisha kwamba nyuma ya matangazo hakuna makampuni makubwa tu. Yupo pia mama wa Makorora au Chake Chake aliyechanga na wenzake.

Na mkiwa wenye nyumba zenu, mtashika rimoti. Ishikeni kwa akili. Yazimeni ya kuzimwa bila kuona haya. Yale ya heshima, hasa ya watu wa kwetu, yapeni dakika yake, kwa sababu ndiyo yanayofanya vipindi vya Kiswahili vya kwetu viendelee kutengenezwa. Tukiyaruka yote, tutabaki na tamthilia za mbali peke yake.

Jioni iliyofuata, siku ya tano ya mwali, saa ile ile, shangazi ndiye aliyekuwa wa kwanza kukaa. Tangazo la kubeti likaja, akazima sauti. La krimu likaja, sauti bado imezimwa, watoto wakaambiwa waangalie huku. Kisha akainua mkono. "Nyamazeni, la mpambaji hilo." Sauti ikafunguliwa. Sekunde ishirini, mkono uliochorwa piko, gauni jeupe, namba ya simu. Chumba kizima kikapiga vigelegele kama vile bwana harusi ameingia.

Wageni wawili waliichukua ile namba pale pale.

Allah awape maharusi wetu maisha ya masikilizano, na awabariki wote wanaotafuta riziki ya halali. Amin.